Mjukuu wangu, shuka kwenye gari hilo

Mjukuu wangu, mama yako alikuja na simu yake Jumapili iliyopita jioni, akavuta kigoda karibu na miguu yangu, akasema, "Baba, hebu mtazame mjukuu wako." Nikavaa miwani. Nikakuona umesimama nyuma ya pikapu, fulana mpya mwilini, kipaza sauti mkononi, spika mbili nyuma yako kubwa kuliko mlango wa nyumba yangu. Wenzako wa bodaboda wamekuzunguka, wanapiga honi.

Kwanza nilifurahi, sitakuficha. Sauti ile ni ya marehemu bibi yako. Yeye alikuwa akisimama upande huu wa bonde na kuita watu walio upande wa pili, na wakaja. Nikasema moyoni, kumbe sauti ile haikuzikwa.

Halafu nikasikia ulichosema. Ulisema katika kata hiyo kuna magugu, na nyumba yanamolala zinajulikana, na safari hii mtayapalilia. Watu wakashangilia. Ukarudia. Wakashangilia zaidi.

Nilimwomba mama yako anirudishie mwanzo. Nikasikiliza mara tatu. Usiku ule sikulala.

Asubuhi nikakupigia. Uliniamkia vizuri kama ulivyolelewa, kisha ukasema, "Babu, usiwe na wasiwasi, yale ni maneno ya jukwaani tu. Mheshimiwa ndiye alianza, mimi nilikuwa nachangamsha mkutano."

Maneno ya jukwaani tu. Nimekaa na hayo maneno yako siku nne, na simu haitoshi kuyajibu. Ndiyo maana nakuandikia. Soma polepole mwanangu, na ukifika mahali panapouma usiparuke.

Hakuna neno linalokaa jukwaani. Jukwaa hubomolewa jioni ileile, mbao zikarudishwa kwa mwenyewe, spika zikapakiwa garini. Neno halipakiwi. Neno hubaki pale kijijini, likalala nyumbani mwa watu, likaamka nao asubuhi likiwa na njaa. Mimi husema hivi: sauti hurudi mjini kwa gari, majivu hubaki kijijini.

Nianze na langu, maana mzee anayeonya wengine na kuficha yake ni mwongo mwenye mvi.

Mwaka 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Ujamaa Vijijini. Sisi vijana wa TANU tuliusoma na kuusomea wazee wasiojua kusoma. Humo ilielezwa wazi kwamba mtu halazimishwi kuingia kijiji cha ujamaa. Anashawishiwa, anaona faida kwa macho yake, anaingia kwa hiari. Nilisoma hayo kwa sauti mbele za watu, nikiwa kijana mdogo, na nikayaamini.

Novemba 1973 maneno yakageuka. Kuishi vijijini sasa ni amri, na kufikia mwisho wa mwaka 1976 wakulima wote wawe wamehamia.

Usidhani nakusimulia habari za mtu mbaya. Mwalimu nilimpenda, na mpaka leo picha yake iko ukutani kwangu, umeiona. Alikuwa na sababu zake: shule, zahanati na maji huwezi kuvipeleka kwa watu waliotawanyika kila mmoja na kilima chake. Angekuwa mtu mbaya, onyo langu lingekuwa jepesi. Ningekwambia tu jihadhari na wabaya. Ninalokwambia ni zito zaidi. Hata neno la mtu mwema, likiwa na nguvu ya nchi nyuma yake, likishuka mlima huokota mawe.

Tazama lilivyoshuka. Dar es Salaam kulisemwa kabla ya mwisho wa 1976. Lilipofika mkoani, mkubwa wa pale hakutaka mkoa jirani umtangulie, akasema mwaka huu. Lilipofika wilayani, ikawa kabla ya mvua. Katani, ikawa mwezi huu. Lilipofika kwetu, kwa vijana kumi na wawili tuliosimama mbele ya ofisi, ikawa kesho asubuhi.

Nilikuwa na miaka 22. Mkononi nilikuwa na kiberiti.

Palikuwa na mama mmoja mjane, nyumba yake iko kwenye mteremko, migomba nyuma, shamba la maharage mbele. Maharage yalikuwa yameshaweka maganda, bado hayajakauka. Akatuomba siku kumi tu avune. Nikamwambia, "Mama, Mwalimu amesema."

Akaniuliza, "Mwalimu ananijua mimi?"

Sikuwa na jibu. Mtu asiye na jibu na ana kiberiti ni mtu wa kuogopwa, mjukuu wangu. Niliwasha nyasi za paa. Lilishika haraka kwa sababu ilikuwa kiangazi. Yule mama hakulia. Alikwenda akakaa chini ya mgomba, akageuza uso upande mwingine, na mgongo wake ule ndio ninaouona mpaka leo nikifumba macho.

Alihamishiwa kwenye mstari wa vigingi tulivyovipigilia sisi wenyewe kando ya barabara, akajijengea kibanda cha majani. Mvua zikaja. Akaanza kukohoa. Kabla mvua hazijaisha tulimzika.

Mwaka 1977, Azimio lilipotimiza miaka kumi, hesabu ilitolewa: zaidi ya watu milioni 13 wanaishi vijijini. Nilisikia hesabu hiyo redioni nikiwa nimekaa na rafiki zangu, wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nilikuwa nahesabu mtu mmoja ambaye hayumo.

Sasa sikia hili kwa masikio yote mawili. Mwalimu hakusema choma. Neno hilo sijalisikia kinywani mwake wala sijalisoma popote alipoandika. Neno "choma" tuliliongeza sisi wa chini, tuliotaka kuonekana tumesikia vizuri kuliko wengine. Yeye alikuwa na hotuba. Sisi tulikuwa na mikono.

Nakusihi, mwanangu. Wewe leo ndiye kijana yule wa mbele ya ofisi.

Utasema siku hizi mambo ni tofauti. Haya, tuangalie. Mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya bado wanateuliwa na Rais, na anayeteua ndiye anayetengua. Sheria ya mwaka 1997 bado inawapa uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Mtu wa namna hiyo akimsikiliza mkubwa wake hasikilizi maneno peke yake. Anasikiliza mkubwa amekunja uso aliposema nini, amecheka aliposema nini, amemtaja nani bila jina. Kisha anakwenda kutekeleza uso, anaacha maneno. Na chini yake yuko mwingine anayemsoma yeye vivyo hivyo, mpaka tufike kwako wewe na fulana yako. Ndiyo maana mkubwa wa nchi hana utani. Akitania, kuna mtu mahali fulani atalala ndani siku mbili.

Na siku hizi mna kitu ambacho sisi hatukuwa nacho. Neno letu lilishuka kwa miguu, mwaka mzima. Lenu linashuka kwa simu kabla mheshimiwa hajamaliza kunywa maji.

Nitapita haraka kwa Amin wa Uganda, maana habari zake umezisikia, ila kuna moja watu hawaisemi sana. Tarehe 25 Januari 1971, alipochukua nchi, watu walicheza barabarani Kampala. Walikata matawi, wakapanda juu ya magari kama ulivyopanda wewe. Alikuwa akijua kuongea na askari, Kiswahili cha kambini, maneno mafupi, kicheko kikubwa. Agosti 1972 akasimama mbele ya askari kambini Tororo akatangaza Waasia waondoke; wakapewa siku 90. Watu wakashangilia tena. Maduka yakagawiwa. Hazikupita siku nyingi chumvi ikawa inavushwa usiku kama bangi, na sabuni ikawa mali ya kumhongea mchumba. Wengi wa wale waliocheza mwaka 1971, wao au watoto wao walikuja kutafutwa usiku na magari yasiyo na namba. Kipaza sauti hakina masikio, mjukuu wangu. Hakikumbuki nani alikishangilia.

Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi yake yakaingia kwetu Kagera, na redio yake ikatangaza kwamba nchi yote mpaka mtoni sasa ni ya Uganda. Daraja la Kyaka nalo walikuja kulibomoa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu akazungumza na wazee wa Dar es Salaam. Ile hotuba niliisikiliza nimesimama, nchi nzima ilisimama. Alisema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, na nia tunayo. Maneno machache, hakuna tusi la kabila la mtu, hakuna aliyeitwa mdudu. Alimtaja aliyetuvamia, akataja alilofanya, akasema tutafanya nini.

Basi ujue sichukii hotuba. Ile ilikuwa hotuba ya haki, nami ningeipigia makofi leo.

Lakini hata ile ililipwa. Mdogo wangu, ambaye wewe umepewa jina lake, alisikia maneno yaleyale matatu, akaenda kujiandikisha mgambo asubuhi iliyofuata. Amelala Kaboya, kule Muleba, kati ya wenzake. Vita ilipokwisha tuliambiwa tufunge mikanda miezi 18. Ile mikanda tuliifunga miaka. Mama yangu alifua nguo kwa majani ya mpapai, na kila alipozifua alimtaja mdogo wangu. Nakuambia haya ili ujue bei. Hotuba ya haki ikigharimu hivyo, ya uongo itagharimu nini?

Jibu la swali hilo lilipita mbele ya macho yangu, kwenye maji.

Wewe umezaliwa ukiukuta mto Kagera. Umeoga humo, umevua humo. Sikiliza unakotoka. Maji yake yanatoka milima ya Rwanda na Burundi. Upande wa Rwanda kuna mto unaitwa Nyabarongo. Unazunguka, unakusanya vijito, unaingia Akagera, unaporomoka Rusumo, unapita kwetu na kwenda zake Ziwa Victoria.

Tarehe 22 Novemba 1992, mahali paitwapo Kabaya, upande wa Gisenyi, mwanasiasa wa chama tawala aitwaye Léon Mugesera alisimama kwenye mkutano. Hakuwa mlevi wala mtu wa mitaani. Alikuwa msomi aliyesomea mpaka Kanada. Aliwaambia watu kwamba Watutsi asili yao ni Ethiopia na kwamba watarudishwa huko kwa njia ya mkato: watapitishwa Nyabarongo wafike haraka.

Watu walicheka. Nadhani walisema kama ulivyosema wewe. Maneno ya jukwaani tu.

Juma moja kabla ya hapo, Rais wao Habyarimana, akihutubia Ruhengeri, alikuwa ameyaita mapatano ya amani yaliyokuwa yakiandikwa kwetu Arusha kipande cha karatasi. Unaona mnyororo huo? Mkubwa anadharau karatasi, mdogo wake anataja mto.

Miezi 17 baadaye mto ukaitika.

Mimi nilikuwa Rusumo Aprili na Mei 1994, wakati wa mauaji ya Rwanda. Sitakueleza yote niliyoyaona. Nitakueleza haya tu: waliopita kwenye maji walikuwa watu wazima na watoto, wengine wamefungwa mikono nyuma, na yale maporomoko unayopenda kupigia picha yaliwazungusha pale chini kabla ya kuwaachia waendelee na safari. Walifika ziwani. Wenzetu wa Uganda waliwaopoa kwa maelfu pwani za Rakai wakawazika. Huku kwetu watu waliacha kula samaki.

Ile njia ya mkato ilikuwa kweli, mjukuu wangu. Kila aliyecheka Kabaya alikuwa amesikia ramani.

Nao walio hai walikuwa wamekuja mwisho wa Aprili. Katika siku moja na usiku wake watu kama laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo. Wengi wao walikuwa Wahutu wakikimbia majeshi ya waasi wa RPF yaliyokuwa yakisonga mbele. Askari wetu waliwaambia waache silaha mpakani, na pale darajani pakawa na lundo la mapanga. Nililiona. Mapanga ya kawaida ya shambani, mpini wa mbao, kama lile lililoko jikoni kwenu. Wengine katika umati ule hawakuwa wamegusa mtu, walikuwa wakulima na wake zao na watoto, wameshika vyungu. Wengine walikuwa wamefanya kazi.

Nimesema kazi kwa makusudi. Kihangaza chetu na Kinyarwanda ni ndugu, hilo unalijua. "Gukora" kwetu ni kufanya kazi, kwao pia. Sasa sikia ilivyotumika. Mji wa Butare, kusini kwa Rwanda, ulikaa karibu majuma mawili bila mauaji makubwa wakati kwingine kunawaka, kwa sababu mkuu wake wa mkoa alikataa. Tarehe 19 Aprili Rais wa muda, Théodore Sindikubwabo, mzaliwa wa hukohuko, daktari wa watoto, alikwenda kumsimika mkuu mpya. Akahutubia. Hakusema ueni. Aliwalaumu wanaokaa wakitazama kana kwamba hayawahusu, akataka watu wafanye kazi, na asiyetaka kufanya kazi awapishe wenzake. Hotuba ile ikarushwa redioni. Baada ya hapo Butare ikaanza kufanya kazi, na yule mkuu wa mkoa aliyekataa akauawa.

Kazi. Neno safi kabisa, neno ambalo mimi nimekufundisha ulipende.

Wewe umesema kupalilia.

Unaelewa sasa kwa nini sikulala? Jembe ni jembe, mjukuu wangu, mpaka mtu atamke jukwaani jina la gugu. Nakusihi kwa maziwa ya mama yako, usiwape watu majina ya vitu vinavyong'olewa. Kule Watutsi waliitwa mende. Hakuna anayemuua jirani yake asubuhi moja tu akiamka. Kwanza humwondolea jina. Mtu ukimwita kwa jina lake la ukoo, panga linakuwa zito.

Waliosimama kwenye vipaza sauti walipata nini? Wapo waliopata hukumu, tena jirani tu hapa, Arusha. Waziri Mkuu wa serikali ile, Jean Kambanda, alikiri kosa Mei 1998 na Septemba akapewa kifungo cha maisha. Mugesera alikimbilia Kanada akaishi huko miaka mingi. Walimrudisha Rwanda 2012, na 2016 akahukumiwa maisha. Ile mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwashtaki watu 93.

Watu 93. Sasa nenda kwenye vilima vyenyewe. Mahakama za gacaca, zile za kukaa kwenye nyasi mbele ya majirani, zilipofungwa mwaka 2012 zilikuwa zimesikiliza mashauri yanayokaribia milioni 2. Makubwa na madogo, mengine ya kuua, mengine ya kuiba mabati ya aliyeuawa. Karibu milioni 2, mwanangu, na walioketi pale kwenye nyasi walikuwa mafundi, wakulima, vijana wenye sauti nzuri. Aliyewasha hutazama mwanga. Aliyetumwa kuni ndiye anayekutwa na masizi.

Mheshimiwa wako ana gari, ana wakili, ana ndugu nje ya nchi. Wewe una pikipiki ya mkopo.

Usiniambie hayo ni ya Rwanda. Ya kwetu madogo nayo nimeyaona. Mwaka 2013 lilipotoka agizo kwamba wahamiaji wasio na vibali waondoke mkoani kwetu ndani ya majuma mawili, neno hilo lilipotamkwa lilikuwa na maana yake ya kisheria. Lilipofika kijijini lilikuwa limeshaokota mawe. Nilimjua mtu aliyekaa kwetu tangu hajazaliwa mama yako, mkewe wa hapa, watoto wa hapa. Alikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba na jirani yake. Jirani akaenda kunong'ona kwamba yule ni mgeni. Basi. Alivuka Rusumo na godoro kichwani, mkewe akabaki amesimama upande huu. Mpaka wa shamba ukasogezwa hatua nane. Nilizihesabu.

Ndipo hapo neno la mkubwa huishia: kwenye hatua nane za shamba la maharage. Mtu mnyonge ana jirani mwenye tamaa, na jirani mwenye tamaa alikuwa akisubiri tu kibali. Wewe ukisimama kwenye pikapu ukasema nyumba zao zinajulikana, umempa kibali mtu ambaye humjui, juu ya mtu ambaye humjui, kwa sababu ambayo hutaisikia kamwe.

Sikukatazi siasa. Nchi haiwezi kuendeshwa na watu walionyamaza; nasi tulipiga kelele tukapata uhuru. Simama useme barabara ni mbovu. Sema dawa hakuna zahanati, sema fedha za maji zimekwenda wapi, mtaje aliyekula kwa jina lake na kiasi alichokula kama una ushahidi. Hizo ni hotuba. Sauti ya bibi yako inafaa kwa hayo.

Ila ukisikia mkubwa anasema "hao" bila kusema ni nani, kaa chini. Ukisikia anatoa siku kadhaa kwa watu badala ya kwa kazi, kaa chini. Ukisikia umati unacheka mahali ambapo mtu mmoja aliyesimama pembeni hacheki, mtafute huyo kwa macho, umtazame vizuri. Huyo ndiye ambaye hotuba inamhusu. Na ukikabidhiwa kipaza sauti, kabla hujasema neno jiulize lile swali aliloniuliza yule mama: mkubwa huyu ananijua mimi? Anawajua hawa?

Najua fulana ni nzuri na mafuta ya pikipiki ni ghali. Najua walikupa posho, na mama yako alipata sukari kutokana na posho hiyo, nami nikainywa chai yake kabla sijajua. Najua pia utamu wa kusema neno na watu elfu wakakuitikia. Huingia mwilini kama pombe ya ndizi siku ya pili. Mimi niliuonja mbele ya ofisi ile. Sikudharau, mwanangu. Nakuogopea.

Rudisha fulana. Mpigie aliyekupa kipaza sauti umwambie babu yako mgonjwa, ukitaka. Uongo huo nitaubeba mimi. Kisha rudi palepale ulipolisema lile neno, hata bila spika, uwaambie wenzako wa bodaboda kwamba pale hakuna magugu, kuna majirani. Watakuzomea. Zomeo halichomi nyumba.

Na Jumamosi uje. Nitakusubiri kituoni Benaco, gari la asubuhi. Tutashuka kwanza Rusumo tusimame darajani tuangalie maji, na hapo hutahitaji maneno yangu. Halafu utanisaidia kupanda ule mteremko. Nyumba haipo, lakini migomba imeota tena yenyewe, na chini yake anaishi mjukuu wa yule mama. Ni kijana wa umri wako. Anaendesha bodaboda kama wewe, amenibeba mara nyingi kunipeleka kliniki na kila mara huniita babu, na mara mbili alikataa nauli. Hajui ni nani aliwasha kiberiti. Sijawahi kumwambia. Nataka kumwambia Jumamosi, nikiwa bado na nguvu ya kusimama, na nataka wewe uwe umenishika mkono.